Boriti ya Ishirini na Moja

Katika visiwa vya Lamu miti ya mikoko ya kujengea huhesabiwa kwa korija, na korija moja ni miti 20. Hesabu hiyo waliijua wakataji, wakaijua manahodha waliopakia boriti kupeleka Arabuni na Ghuba, na mafundi waliozilaza juu ya kuta za mawe zikawa dari. Mtu aliyekabidhiwa korija moja, akanyoosha mkono kutafuta boriti ya 21, atashika hewa, au atashika mti wa mwenziwe uliolazwa kando. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani zilizima kwa kosa la namna hiyohiyo. Programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike, iliyokuwa ikifanya kazi ndani kabisa ya mfumo wa Windows, ilitarajia thamani 21 ilhali ilikabidhiwa 20. Zamu ya ile ya 21 ilipofika, ikasoma mahali pasipo pake, na mashine ikaanguka papo hapo. Ndege zikakaa chini, hospitali zikaahirisha matibabu, benki zikashindwa kuhudumia watu, kwa sababu ya mkono mmoja ulionyooshwa kupita mwisho wa hesabu.

Wengi wakisikia habari kama hiyo husema aliyeandika programu hakuwa makini. Jibu hilo ni jepesi, tena linapoteza njia. Tangu kompyuta zianze kuandikiwa programu, watu makini wamekuwa wakikosea kwa namna hii mwaka hadi mwaka, na wataendelea kukosea maadamu usalama unategemea mtu akumbuke kuhesabu kila mara. Hoja ya makala hii ni kwamba katika kiini cha mfumo wa kompyuta, pale ambapo kosa moja huangusha kila kitu, usalama haufai kukaa katika akili ya mwandishi. Unapaswa kujengwa ndani ya njia yenyewe ya kuifikia kumbukumbu, ili anayepita njia hiyo asiweze kukosea hata akisahau. Hilo si wazo geni kwa Waswahili. Limesimama kwa mawe na chokaa katika mitaa ya Lamu kwa mamia ya miaka.

Itazame nyumba ya mawe ya karne ya 18 katika mji wa kale wa Lamu, mji ambao UNESCO iliuandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Mgeni haingii moja kwa moja. Kwanza hukuta daka, kibaraza chenye viti vya mawe kulia na kushoto mbele ya mlango wa nakshi. Mazungumzo mengi huanzia na kuishia hapo. Akikaribishwa, huvuka kizingiti akaingia tekani, ukumbi mdogo wenye kona, na kona hiyo ndiyo siri ya mjengo mzima: aliye mlangoni haoni kiwanda, ule uwanja wa ndani ulio wazi kwa anga. Baada ya kiwanda ndipo huja msana wa tini, kisha msana wa yuu, na mwisho kabisa ndani, chumba cha faragha chenye ukuta uliochongwa zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu. Mgeni wa kulala ana sabule yake. Hakuna mtu anayesimama hapo kutwa kucha akikumbusha watu kufunga pazia. Hata mtoto akiuacha mlango wazi, mpita njia ataona ukuta wa tekani tu. Fundi aliyepinda njia amekwisha kulinda faragha ya watu ambao hakuwahi kuwaona.

Sasa ichukue simu janja iliyo mkononi mwa mwenye duka wa mtaa wa Langoni au fundi wa majahazi wa kijiji cha Matondoni, hukohuko Lamu. Nyingi ya simu hizo hutumia Android, na chini ya Android kuna Linux, kiini kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kumbukumbu ya simu, ile wauzaji wanayoiita memori, unaweza kuifikiria kama ukuta mrefu wa zidaka, kila kidaka na namba yake, na namba hiyo ndiyo anwani. Kila programu hugawiwa zidaka zake. Programu ya michezo haifiki kwenye zidaka za programu ya pesa, na programu ya pesa haifiki kwenye picha za harusi. Kiini peke yake ndicho kinachoweza kugusa zidaka zote, kwa kuwa ndicho kinachogawa, kinachoandika nani ana haki gani, na kinachozungumza na vifaa vyenyewe. Kwa hiyo programu ikitaka kusoma faili au kutuma ujumbe, hupiga hodi kwenye kiini: nisomee kitu hiki, na matokeo uniwekee kwenye anwani hii.

Hatari yote imo katika maneno hayo ya mwisho. Anwani imetajwa na mgeni, na mgeni aweza kudanganya. Programu ovu haiwezi kuandika ndani ya zidaka za kiini kwa mkono wake, kwa maana kichakataji kitaizuia. Lakini inaweza kumtuma mwenye nyumba. Inaomba huduma ya kawaida kabisa, kisha inataja anwani ambayo si yake bali ni ya kiini, mahali palipoandikwa kwamba programu hii ni mtumiaji wa kawaida asiye na mamlaka. Kiini kisipochunguza, kitapeleka matokeo hapo kwa utiifu, kitaifuta rekodi yake chenyewe kwa mkono wake chenyewe, na yule mgeni wa dakani atajikuta ameshika funguo za nyumba nzima. Ndiyo maana kila kiini kina zana maalumu za kuvuka mpaka huo: zana za kuchukua data kwa mgeni na zana za kumpelekea. Kazi yake ya kwanza ni kuuliza, anwani hii ni ya aliyeitaja?

Ushahidi wa kwanza kwamba umbo la zana hizo ni jambo la kufa na kupona ulikuja mwaka 2013. Katika Linux ya simu zenye vichakataji vya ARM vya matoleo ya v6k na v7, zana mbili ndogo zinazobeba thamani moja moja kuvuka mpaka hazikuwa zikichunguza baadhi ya anwani. Waandishi waliozitumia hawakufanya kosa lolote. Walipita mlango waliofundishwa kuupita, ila mlango huo katika simu hizo haukuwa na komeo. Oktoba na Novemba 2013 tundu hilo lilitumika kuvamia simu za Android zilizokuwa mikononi mwa watu, na limeorodheshwa kwa namba CVE-2013-6282. Hapa yapo mafunzo mawili yanayokwenda pamoja. Zana mbovu hueneza ubovu wake kwa kila anayeitumia. Na zana ikirekebishwa mahali pamoja, maelfu ya mahali panapoitumia hupona kwa siku moja bila kuguswa. Neno moja zaidi la kuzingatiwa: marekebisho yalikuwamo katika Linux toleo 3.5.5 la mwaka 2012. Dawa ilikuwapo, simu hazikuipata. Nitalirudia jambo hilo.

Ushahidi wa pili ni wa mwaka 2017, na kwangu ndio unaofundisha zaidi. Vichakataji vya kisasa vina komeo la vyuma linalokizuia hata kiini kugusa zidaka za programu mpaka kilifungue kwa makusudi. Kufungua na kufunga huko kunakula muda, kwa hiyo wajenzi wa Linux wakatengeneza njia ya haraka: fungua komeo mara moja, andika thamani kadhaa mfululizo, kisha funga. Uchunguzi wa anwani ukaachwa uwe hatua ya peke yake, ambayo mwandishi angeifanya kabla ya kufungua. Katika toleo 4.13, ndani ya huduma iitwayo waitid, ambayo programu huitumia kungojea nyingine imalize kazi, komeo lilifunguliwa na thamani zikaandikwa, lakini uchunguzi haukufanywa. Mtumiaji wa kawaida akaweza kuelekeza maandishi hayo ndani ya kiini. Msimbo huo uliandikwa na watu walio miongoni mwa wajuzi wakubwa wa kazi hii duniani, katika mradi ambao mabadiliko yake husomwa na macho mengi. Kosa likarekebishwa Oktoba mwaka huohuo.

Kilichofuata ndicho cha kutiliwa maanani. Januari 2019 Torvalds hakuwatumia wenzake waraka wa kuwataka waongeze umakini. Aliunganisha hatua mbili ziwe moja: tangu toleo 5.0, kulifungua komeo ndiko kuichunguza anwani. Huwezi kufungua bila kuchunguza, kwa sababu ni amri moja. Awali mlango ulikuwa kitu kimoja na bawabu kitu kingine, na usalama ulitegemea bawabu awepo kila mlango unapofunguliwa. Baada ya hapo bawabu akawa sehemu ya mlango. Hiyo ndiyo kona ya tekani ndani ya Linux.

Hata hivyo kuna udanganyifu ambao kuchunguza anwani hakuuzuii. Fikiria mnunuzi wa boriti anayehesabu mzigo ufukoni. Anakuta korija 5 kamili, anageuka kuandika katika daftari, na mzigo bado uko mikononi mwa muuzaji. Anaporudi kupakia, baadhi ya boriti zimebadilishwa na pau nyembamba. Hesabu yake ilikuwa sahihi, lakini alichohesabu sicho alichopakia. Katika kiini mambo huwa vivyo hivyo: programu inaandika kwamba ujumbe wake una urefu wa baiti 16, kiini kinasoma, kinaridhika, kinatenga nafasi ya 16, kisha kinasoma urefu huo mara ya pili ili kunakili, na katikati ya hapo sehemu nyingine ya programu ileile, inayofanya kazi sambamba, imeubadilisha ukawa 16,000. Dawa ya mnunuzi ndiyo dawa ya kiini: mzigo uingie kwanza katika ghala lako, uhesabu humo, na usirudi tena kuangalia wa ufukoni.

Mwandishi wa lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie mapema miaka ya 1970 na ambayo bado ndiyo lugha ya sehemu kubwa ya Linux, anaweza kufuata kanuni hiyo akikumbuka. Lugha ya Rust, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Mei 2015 na ikaingia rasmi katika Linux toleo 6.1 Desemba 2022, imeruhusu kanuni hiyo ijengwe ndani ya zana. Katika Linux ya Rust, kumbukumbu ya mgeni haionekani kama anwani tupu. Huja imefungwa ndani ya kifurushi chenye msomaji wake, na msomaji huyo kila akisoma kipande husonga mbele. Hakuna amri ya kumrudisha nyuma kwa bahati mbaya. Anayetaka kukisoma kipande kilekile mara mbili lazima aombe msomaji mwingine kwa makusudi. Pia lugha hiyo ina sheria ya azima. Kila kitu kina mwenyewe mmoja. Wengine huazima, ama wengi kwa kusoma tu, ama mmoja kwa kubadilisha, wala mwazimaji hawezi kukaa na kitu baada ya mwenyewe kukitupa. Anayevunja sheria hiyo hasubiri simu ya mteja izime. Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yake kuwa lugha ya mashine, hukataa kazi yake pale pale mezani.

Je, matunda yameonekana? Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takribani asilimia 70 ya kasoro za usalama ilizokuwa ikizirekebisha kila mwaka zilitokana na kumbukumbu kuguswa vibaya. Kwa upande wa Android, Google ilitangaza Septemba 2024 kwamba sehemu ya kasoro hizo kati ya kasoro zote za usalama imeshuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi asilimia 24 mwaka 2024. Takwimu hizo za Google ni za Android yote, si za kiini peke yake, na ni haki msomaji alijue hilo. Lakini ndani yake mna jambo la kutia moyo: msimbo wa zamani haukuandikwa upya. Kilichobadilika ni kwamba msimbo mpya ulianza kuandikwa kwa lugha salama, na ule wa zamani ukaendelea kusafishika kadiri kasoro zake zilivyogunduliwa. Nyumba haikubomolewa. Vyumba vipya tu ndivyo vilivyojengwa kwa mpango mwingine.

Wapo wanaopinga, na mapingamizi yao hayastahili kupuuzwa. La kwanza ni kwamba fundi hodari hahitaji ulinzi huu. Tukio la waitid linalijibu: ustadi ulikuwapo, macho yalikuwapo, kosa likapita. Ustadi wa mtu hupanda na kushuka kwa uchovu, haraka na usahaulifu, lakini umbo la zana halichoki. La pili ni zito zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Christoph Hellwig, mmoja wa wasimamizi wa siku nyingi wa Linux, alikataa zana za Rust zinazohusu kumbukumbu ambayo vifaa huigusa moja kwa moja bila kupitia kichakataji. Hoja yake ilikuwa kwamba mradi wa lugha mbili ni mgumu kuutunza: anayebadilisha upande wa C atalazimika kuuelewa na upande wa Rust, la sivyo ataubomoa. Gharama hiyo ipo kweli, nayo hulipwa kwa muda wa watu wachache walioelemewa. Lakini lazima ipimwe pamoja na gharama ya upande wa pili. Greg Kroah-Hartman, ambaye kwa zaidi ya miaka 15 amepitisha mikononi mwake karibu kila rekebisho la usalama la Linux, alieleza katika mjadala huohuo kwamba nyingi ya kasoro hizo ni makosa madogomadogo ya C yasiyoweza kutokea katika Rust. Muda unaotumika kuziba matundu yaleyale kila wiki nao ni muda wa watu. Desemba 2025 wasimamizi wa Linux waliokutana Tokyo walikubaliana kwamba Rust ndani ya kiini si jaribio tena.

Pingamizi la tatu husema kwamba Rust yenyewe ina mlango wa nyuma. Ni kweli. Kiini hakina budi kuzungumza na vyuma, na ipo kazi ambayo kompaila haiwezi kuithibitisha. Mwandishi huitia ndani ya sehemu aliyoitangaza waziwazi kuwa si salama. Desemba 2025 iliorodheshwa kasoro ya kwanza ya usalama katika msimbo wa Rust wa Linux, ndani ya Binder, njia inayotumiwa na programu za Android kuzungumziana. Ilihusu orodha iliyoguswa na pande mbili kwa wakati mmoja, na ilikuwa imekaa katika sehemu iliyotangazwa hivyohivyo. Tukio hilo halivunji hoja. Linaonyesha mpaka wake. Umbo jema haliondoi hatari yote duniani. Huikusanya mahali padogo penye alama, ili anayekagua ajue pa kuanzia, badala ya kuisambaza katika mamilioni ya mistari ambayo kila mmoja unaweza kuwa tundu.

Lipo pingamizi la nne, ambalo halisemwi kwa sauti ila limo vichwani: haya ni mambo ya Tokyo na California, Lamu yanaihusu nini? Yanaihusu zaidi kuliko miji hiyo. Anayenunua simu mpya ya bei kubwa hupata marekebisho kila mwezi. Kosa likigunduliwa, kwa kawaida halikai muda mrefu kabla ya kuzibwa. Simu ya bei nafuu, au iliyokwisha pita mikono miwili mitatu kabla ya kufika dukani kisiwani, mara nyingi imekwisha kuachwa na mtengenezaji wake. Kwa simu hiyo tundu lililogunduliwa baada ya kuuzwa litabaki wazi mpaka siku itakapozikwa. Ndicho kilichotokea mwaka 2013: dawa ilikuwa tayari mwaka mmoja kabla, wagonjwa hawakufikiwa. Na tangu M-Pesa ianze Machi 2007, simu imekuwa ndiyo pochi na daftari la mamilioni ya Wakenya, mvuvi wa Faza visiwani na mfanyabiashara wa Nairobi kwa pamoja. Asiyefikiwa na dawa ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya ugonjwa usiozaliwa kabisa. Kujenga usalama ndani ya mlango kabla simu haijatoka kiwandani ndiko kumtendea haki mtu wa mwisho katika safu.

Kwa hiyo jambo hili si la wataalamu peke yao. Anayenunua simu ana haki ya kumuuliza muuzaji itapata marekebisho kwa miaka mingapi, kama anavyouliza memori na kamera. Anayefundisha vijana kuandika programu, iwe ni katika chuo kikuu au katika darasa dogo la kompyuta mtaani, asiridhike kuwaambia wawe waangalifu. Awaonyeshe mlango uliounganishwa na bawabu wake, na ule uliotenganishwa, kisha awaulize ni upi wangependa mama zao wapitishie fedha zao. Kijana aliyekulia Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, tayari anayo nusu ya jibu. Amepita daka na tekani maisha yake yote, na anajua kuwa nyumba ile haikungoja mgeni awe na adabu ndipo iwe na staha. Mwenye kuijenga aliiamua staha hiyo siku alipoupinda ukuta, akalaza boriti zake juu, akijua kila korija ni 20, wala hakuna ya 21.